Watu Wawili Gatini

Revocatus alistaafu siku ya Ijumaa, baada ya kusoma mita za maji za watu kwa miaka thelathini na mbili. Alikuwa mrefu na mwembamba, na shingo yake ilishazoea kuinama, kwa sababu mita nyingi za Mwanza zimewekwa chini, kwenye vishimo, karibu na mbwa. Alizijua kona zote za Kirumba na Mirongo, na mbwa wa kata zote mbili walimjua yeye.

Ofisi ilimfanyia hafla ya kumuaga. Kulikuwa na soda, sambusa na hotuba ya mkuu wa kitengo. Odeta, mke wa Revocatus, alikaa mstari wa mbele na kitenge chake kipya, macho yakiwa kwenye boksi kubwa lililofungwa kwa karatasi za kung'aa. Alikuwa ameshaamua kwamba ndani mna jiko la gesi. Asubuhi hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, alikuwa amelitafutia hata nafasi, akazihamishia sufuria zote chini ya meza. Zawadi ililetwa mbele na Winnie, msichana wa mapokezi, mwenyeji wa Musoma, ambaye ndiye aliyetumwa kuinunua. Alilibeba boksi kwa mkono mmoja. Hapo Odeta angepaswa kushtuka, lakini yeye alijisemea tu kwamba wasichana wa Musoma wana nguvu.

Ndani ya boksi mlikuwa na boksi. Ndani ya boksi la pili mlikuwa na magazeti. Ndani ya magazeti mlikuwa na picha ya rangi za mafuta, ukubwa wa daftari la shule, ikiwa na fremu ya mbao.

Watu walipiga makofi. Odeta naye alipiga makofi, huku akiendelea kuchungulia ndani ya boksi.

Walipofika nyumbani Kirumba, kwenye nyumba yao iliyo katikati ya mlima, Odeta alivaa miwani yake ya kusomea, akaipeleka picha dirishani. Ilikuwa ya mji ulio kando ya maji. Nyumba zilikuwa zimepandana mlimani, mabati yake mengine mekundu, mengine ya rangi isiyojulikana. Kulikuwa na mnara mmoja, mawe kiasi, na anga lenye mawingu. Mbele kulikuwa na gati lililoingia ziwani, na mwisho wa gati walisimama watu wawili, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele. Mmoja alikuwa mrefu, mweusi, ameinama kidogo. Wa pili alikuwa mfupi, mwekundu.

"Baba Jonathan," Odeta aliita. "Huyu mwanamke ni nani?"

Revocatus alikuwa anavua soksi. "Mwanamke gani?"

"Huyu mwenye gauni jekundu, aliyesimama na wewe gatini."

"Na mimi?"

"Mrefu, mwembamba, shingo imeinama. Au macho yangu ndiyo mabovu?"

Revocatus alikuja na soksi moja mguuni. Alitazama. Kusema kweli yule mtu alikuwa na shingo inayofanana na yake kabisa.

"Labda huyu mwekundu ni wewe," alisema.

"Mimi mara ya mwisho kuvaa nyekundu ilikuwa ubatizo wa Jonathan. Jonathan sasa ana kipara."

"Basi ni watu tu. Watu wa huko."

"Huko wapi?"

Hapa Revocatus angeweza kusema hajui, na mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa mtu aliyelipwa miaka mingi kwa kazi ya kutazama kitu kidogo na kusema kinasomekaje, na hakupenda kusema hajui. Alikunja uso, akaisogelea picha.

"Hapa si Mwanza," alisema. "Mawe ya Mwanza ni makubwa kuliko haya. Nadhani hapa ni Musoma."

Revocatus alisikia neno lile likiwa limeshatoka, akakumbuka anakotoka Winnie, akakumbuka pia kwamba kwenye hafla Winnie alikuwa amefunga kilemba chekundu.

"Au Bukoba," aliongeza haraka.

"Semina," alisema Odeta.

Mwaka fulani Revocatus alikwenda Bukoba kwenye semina ya siku tatu, akarudi siku ya tano. Alieleza wakati ule kwamba usafiri uliahirishwa, na ni kweli uliahirishwa, lakini kuna maelezo ambayo hata yakiwa ya kweli hayashibishi.

"Kisumu basi!" alisema Revocatus. "Kisumu sijawahi kufika maisha yangu yote!"

"Kama hujafika, umejuaje kwamba panafanana?"

Revocatus alirudi kuvua soksi ya pili, akakuta ameshaivaa tena ile ya kwanza.

Tangu siku hiyo Odeta hakugomba. Alifanya jambo baya zaidi: alianza kuwa na adabu. Alimwita Bwana Revocatus. "Chai tayari, Bwana Revocatus." "Samahani, Bwana Revocatus, naomba unipishe nifagie." Alimpakulia sato mkubwa kuliko kawaida na kumnawisha mikono kama padri mgeni aliyetoka jimboni. Revocatus alikula kwa hofu. Picha aliitundika Odeta mwenyewe, ukutani mbele ya kiti cha mumewe, ili kila akiinua macho kutoka kwenye sahani aonane na mwanamke mwekundu.

Kwa mtu aliyestaafu, mchana ni mrefu. Odeta alipokwenda sokoni, Revocatus alibaki na ile picha. Mwanzoni aliitazama kama mshtakiwa anavyotazama saa ya mahakama. Siku ya tatu alianza kuipenda. Alikiona kile kishingo kilivyoinama, akaona kabisa kwamba yule mtu hatazami maji wala mji, anatazama chini, miguuni pake, penye kitu kama kishimo. Alikuwa anasoma mita. Kumbe wenzake ofisini walikuwa wamekaa, wakafikiria, wakamwagizia mchoraji amweke yeye, Revocatus, kazini kwake, mbele ya mji mzima aliouhudumia! Watu wengine hupewa saa ya ukutani. Yeye alikuwa amechorwa. Alisimama wima, akaipangusa fremu kwa kona ya shati, na asimwambie mtu, kwa sababu ukishakuwa wewe ndiye yule mrefu, itabidi umweleze mkeo yule mfupi ni nani.

Jumamosi jumuiya ya kanisani ilisali nyumbani kwao. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Teodora, jirani yao wa nyumba ya juu, mjane mwenye sauti ya kengele, ambaye tangu utoto wake hakuwahi kukubali kwamba kuna kitu kisicho na maana. Baada ya sala na kabla ya matangazo, aliiona picha.

"Hii ni Ninawi," alisema.

Watu waligeuka.

"Mji mkubwa, kando ya maji," Teodora aliendelea, huku akionyesha kwa kidole. "Na huyu mrefu ni Yona. Ametoka sasa hivi kwenye samaki. Mnaona alivyoinama? Ana kichefuchefu."

Revocatus aliumia kidogo. Odeta yeye alisogea mbele.

"Na huyu mfupi, dada Teodora?"

"Huyo ni malaika."

"Malaika wa gauni jekundu?"

Teodora alitazama tena. Alivuta pumzi, akatazama tena kwa karibu zaidi, mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Basi ni kishawishi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kilichofuata kilikuwa tangazo la kufagia kanisa, lakini wanajumuiya wote walilisikiliza huku wakimtazama Revocatus.

Wageni walipoondoka, Odeta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alichukua simu ya mumewe mezani, akampa. "Bwana Revocatus, mpigie huyo binti. Weka sauti kubwa, nami nisikie."

Revocatus alipiga. Winnie alipokea haraka, kwa furaha. "Mzee wetu! Shikamoo!"

"Marahaba. Niko na mama hapa."

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu," alisema Odeta, kwa sauti laini ambayo Revocatus aliiogopa kuliko kelele. "Tunashukuru sana kwa picha. Nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu. Ulipoichagua, uliona nini ndani yake?"

"Mama, nisiwe mwongo. Nilitumwa saa ya ukutani. Nilipofika saa zilikuwa zimeisha, na hafla ilikuwa inaanza. Nikaona hiyo inaingia vizuri kwenye boksi."

"Hukuitazama?"

"Niliitazama fremu, kama ina misumari isije ikamchoma mzee."

"Hakuna mtu aliyeagiza ichorwe?" aliuliza Revocatus. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ichorwe? Hapana, mzee. Ilikuwa inauzwa pale karibu na soko la samaki la Mwaloni, pamoja na viatu."

Walipokata simu, Odeta alisubiri kuona mumewe akipumua kwa nafuu, kwa kuwa sasa alikuwa amesafishwa. Badala yake alimwona amekaa, mikono magotini, akiitazama picha kwa namna ambayo hakuwa ameiona tangu siku Jonathan alipohamia Dodoma.

"Vipi tena?" aliuliza.

"Nilidhani ni mimi," alisema Revocatus.

"Nani?"

"Huyo mrefu. Nilidhani walimwambia mchoraji anichore nikisoma mita."

Odeta alitazama picha, akamtazama mumewe, na lile ombi la maelezo alilokuwa amelihifadhi wiki nzima likamtoka kichwani. Alisimama. "Miaka thelathini na mbili!" alisema. "Umeumwa na mbwa mara sita! Halafu wanakuletea kitu kilichouzwa na viatu, hata hawakukitazama!" Alizunguka meza mara mbili. "Huyo ni wewe. Mtu yeyote mwenye macho anaona ni wewe. Jumatatu tunakwenda kwa huyo mchoraji aseme mwenyewe."

"Na akisema siye?"

"Atasema ndiye," alisema Odeta. "Kunywa chai, Baba Jonathan."

Nyuma ya picha paliandikwa kwa penseli: Okumu, Mwaloni. Jumatatu asubuhi waliteremka mlima, Odeta akiwa ameikumbatia picha iliyofungwa kwenye kanga. Mwaloni kulikuwa kumechangamka, dagaa wamejaa kila mahali na wachukuzi wakipiga kelele wapishwe. Waliulizia mara nne, wakaelekezwa mara nne sehemu tofauti, mpaka wakamkuta mtu mnene mwenye kofia ya sufu, amechuchumaa kando ya mtumbwi uliopinduliwa, akiuandikia jina kwa rangi nyekundu. Alikuwa amefika ASANTE SHEM.

"Wewe ndiye Okumu?" aliuliza Odeta.

"Ndiye mimi, mama. Shikamooni." Alikuwa na lafudhi ya Rorya na uso wa mtu asiye na haraka.

"Marahaba. Tumekuja kuhusu hii."

Okumu alifuta mikono kwenye suruali, akaipokea picha, akatabasamu kama mtu aliyekutana na mtoto wa rafiki yake. "Kumbe bado ipo! Hii niliichorea kwenye kivuko, nikienda Nansio kisiwani."

"Kwa hiyo huu ni mji gani?" aliuliza Revocatus.

"Ndiyo shida yenyewe, mzee. Kivuko kilikuwa kinatembea. Nilianza na mji, nikainamisha kichwa kuchanganya rangi, nikiinua macho, mji umesogea. Huu mnara ni wa Mwanza. Hizi nyumba nilizichora nikiwa katikati ya maji, kwa hiyo nilikisia. Hili gati sasa ni la Nansio kabisa, lile pale ulipo mti." Aliwaza. "Mti sikuuchora. Nilikuwa nimeshuka."

"Na watu?" alisema Odeta.

"Watu gani?"

"Hawa wawili gatini."

"Mama, mimi watu sichori. Mikono hunishinda."

Odeta alionyesha kwa kidole. Okumu aliipeleka picha juani, akafinya jicho moja, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa hata mwenye mtumbwi wa jirani akageuka.

"Huyu ni mdudu!" alisema. "Hawa wa ziwani, wanaonyanyuka kama moshi, wanaingia mpaka kwenye chai. Rangi ya mafuta haikauki upesi, mzee. Siku ile walitua mamia. Niliwabandua wote, huyu alinipita." Na kabla mtu hajasema neno, aliweka ukucha wake mrefu kwenye picha, akakwangua. Kitu chembamba kama uzi kilidondoka mchangani. "Unaona? Mguu."

"Usimtoe!" alipiga kelele Revocatus.

"Mwache mume wangu!" alipiga kelele Odeta.

Walisema kwa pamoja, na kwa nguvu, hata wachukuzi wawili wa dagaa wakasimama na magunia kichwani. Okumu alirudisha mkono kama aliyeungua. Alimtazama mama, akamtazama baba, akaitazama picha, akatazama shingo ya Revocatus iliyoinama juu ya picha, na akaelewa kitu, au aliona ni heri aonekane ameelewa.

"Samahani sana, mzee," alisema. "Sikukutambua."

"Mguu," alisema Odeta. "Umemtoa mguu."

"Nitaurudisha." Okumu alipiga magoti mchangani, akaanza kuutafuta. Revocatus naye alipiga magoti, na kwa vile alikuwa na uzoefu wa kutafuta vitu vidogo chini, alitafuta kwa utaratibu, mstari kwa mstari. Walitafuta kwa muda. Ufukwe wa Mwaloni una kila aina ya mguu wa mdudu, na kila walipouona mmoja, Odeta, kwa miwani yake, aliukataa. Mwishowe Okumu aliingia kwenye kibanda chake, akatoka na brashi yenye unywele mmoja, akamchorea mdudu mguu mpya. Ulitoka mnene kidogo kuliko mwenzake.

"Na huyu mwekundu?" Odeta aliuliza, kama mtu anayeuliza njia ya kupita tu.

Okumu alinyanyua kopo lake. "Rangi ya boti. Ilinidondoka."

"Tone?"

"Tone, mama."

Odeta alilitazama lile tone kwa muda mrefu. Wiki nzima alikuwa ameshindana nalo. Kwa ajili yake alikuwa amemnawisha mumewe mikono. Alianza kucheka kidogo kidogo, puani, halafu akalazimika kukaa juu ya mtumbwi, karibu mno na herufi mbichi, akacheka mpaka akavua miwani. Revocatus alicheka kwa sababu mkewe anacheka. Kisha alinyamaza, akapangusa mchanga magotini.

"Mdudu," alisema. "Haya, basi."

Alijitahidi kusema kama mzaha, lakini hakufaulu, na Odeta alimsikia. Alisimama, akavaa miwani.

"Okumu," alisema, "sasa mchore yeye."

"Nimekwambia mama, mikono..."

"Mikono ataiweka nyuma."

Okumu alimtazama mzee, akatazama mtumbwi ambao mwenye mali alikuwa anautaka kabla ya saa saba. Aliegemeza brashi. Aliingia ndani akatoka na kipande cha ubao wa ukubwa wa daftari, akageuza ndoo mbili, akasema, "Kaeni wote wawili, basi. Nikianza na mmoja, mwingine ataniongelesha."

Wakakaa. Revocatus aliweka mikono nyuma kama mtu aliyekamatwa. Odeta aliificha yake ndani ya kanga. Nyuma yao kulikuwa na ziwa, mitumbwi, kilima cha Kirumba na mabati yake, na wachukuzi walioanza kupanga mstari kuona. Okumu alimsihi mzee anyanyue kidogo shingo.

"Asinyanyue," alisema Odeta. "Hivyo hivyo ndivyo alivyo."

"Sawa. Sasa tulieni. Nusu saa tu. Msisogee."

Walitulia. Upepo ulivuma kutoka ziwani ukiwa na harufu ya dagaa. Revocatus alikuwa hajawahi kutazamwa kwa makini namna ile na mtu ambaye hakuwa na malalamiko ya maji, na uso wake ulikuwa umeiva kwa haya.

"Mwambie asisahau kovu la mbwa," Odeta alinong'ona. "Lile la kwenye kidevu."

"Mama," alisema Okumu, "mdomo."

"Nimeufunga."

"Umeufunga sasa hivi. Hapo kabla ulikuwa wazi, nami nimeshauchora wazi."

Mabega ya Revocatus yalianza kucheza. Alibana midomo, akakaza macho kwenye mtumbwi, lakini mtumbwi ulikuwa umeandikwa ASANTE SHEM, na herufi ya mwisho sasa ilikuwa na alama kubwa ya makalio ya mke wake. Alipiga kicheko, akayumba, ndoo ikapinduka, naye akaenda nayo chini. Odeta alimdaka kwa kola ya shati, akamrudisha kwenye ndoo, akamkung'uta mchanga mgongoni, akamwekea shingo yake vilevile ilivyokuwa.

"Endelea," alimwambia Okumu. "Hatusogei tena."